Amana

Saa kumi na moja alfajiri, theluji bado inajishauri,
nafungua ofisi ya klabu kwa ufunguo unaokwama.
Faksi imetema karatasi tatu usiku kucha:
wakili wa Takasaki, wakili wa Maebashi,
na mjane wa Bwana Kurihara, kwa mkono wake,
mwandiko mwembamba kama nyayo za shomoro kwenye umande ulioganda:
Marehemu aliweka kwenu yeni milioni ishirini na nane.
Siombi zote. Naomba za paa tu.

Za paa.

Zamani karatasi moja ya uanachama wetu
ilitosha nyumba na bustani yake.
Waliinunua hata wasiojua kushika fimbo;
daktari mmoja wa meno alichukua mbili,
akazitundika sebuleni, pale penye picha za wazazi.
Tadokoro mwasisi aliukata mlima
kama anayekata keki ya harusi ya bintiye,
mashimo kumi na nane, bafu la maji moto,
ukumbi wa marumaru unaorudisha mwangwi
hata ukikohoa kwa adabu.
Amana itarejeshwa baada ya miaka kumi, ulisema mkataba.
Miaka kumi! Tadokoro alicheka. Nani anahesabu?

Mimi.
Mimi ndiye ninayehesabu.
Jumanne, wachezaji kumi na wawili.
Mbolea imepanda, dawa ya kuvu imepanda,
kari ya mchana imepanda, na wazee
huagiza sahani moja na vijiko viwili.
Nimeuza piano. Nimefunga bafu la wanawake siku za kazi.
Nilizima taa za ukumbi, kisha nikaziwasha,
maana Bwana Umezu, miaka themanini na minne,
alijikwaa gizani, akaniomba radhi mimi.

Nguruwe mwitu hushuka usiku kwenye shimo la saba,
wakalima hadi kuche.
Hao tu ndio wanachama wanaoongezeka.

Dawa ya deni kulipa, nakubali.
Ila deni la mlima mzima unalilipa kwa nini?

Kijana Nagumo alikuja na viatu vipya.
Hakuuliza habari za mchezo.
Alisimama shimo la kumi na nne, akafumba jicho moja:
"Mteremko wenu unatazama kusini. Safi sana."
Mahali palipo na nyasi yeye aliona vioo,
safu kwa safu, vikinywa jua
bila mbolea, bila kari, bila kuzeeka.

Wadai walikutana hotelini, viti mia nne.
Niliinama hadi marumaru ya watu wengine nikaijua kwa mishipa yake.
Yeni tano katika kila mia, nilisema.
Mtu alicheka. Mtu alilia kwa hasira.
Mama Kurihara alitoa kikokotoo kwenye mkoba,
akabonyeza taratibu, akainua mkono:
"Hiyo ni nusu ya paa. Upande unaovuja. Nakubali."
Mikono mingine ikafuata, mmoja mmoja,
kama watu wanaovua viatu mlangoni.

Siku ya mwisho, wachezaji saba.
Mitsuyo, kedi wetu wa miaka arobaini na mmoja,
kofia ya kitambaa imefungwa kidevuni,
anaujua mlima huu kama ulimi unavyojua pengo la jino.
Nilimkuta shimo la tisa amepiga magoti,
anarudisha kipande cha nyasi kilichong'olewa na fimbo,
anamwaga mchanga, anakandamiza kwa kiganja.
"Mitsuyo, Jumatatu wanaleta nguzo za chuma."
"Nimesikia."
"Sasa?"
Akakandamiza tena.
"Kimeng'oka," alisema.

Nikarudi ofisini, nikafungua daftari,
nikaandika: mchanga, mfuko mmoja.
Kisha nikashuka kuzima boila ya bafu.
Iliguna muda mrefu kabla ya kunyamaza.